Kidole cha Mzee Twahiru

Katika duka la vipuri la Mzee Twahiru, pale Bwiza, mjini Bujumbura, mwenye duka hapazi sauti. Akitaka kusikilizwa hugonga kioo cha meza kwa pete yake, ko, ko, na wateja wote hunyamaza, hata yule aliyekuwa akiapa kwamba breki alizouziwa jana zilikuwa za gari la marehemu. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Pete yenyewe ilikuwa ya fedha iliyosawijika, na jiwe lake akiki, jekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Juu ya jiwe palikuwa na nakshi iliyochongwa zamani sana, ambayo miaka na grisi ya magari vilikuwa vimeifukia mpaka huoni kichwa wala miguu. Mzee Twahiru hakuhitaji kuona. Alijua kwamba ni jina la Mungu kwa Kiarabu cha kale.

Wenye elimu walikuwa wameombwa walisome. Sheikh mmoja mgeni alilisoma "Ya Latifu." Wa pili, miaka ya baadaye, alilisoma "Ya Hafidhu." Wa tatu alilitazama kwa muda mrefu, akasema mambo mengine hayasemwi ovyo. Wote watatu walikula pilau kwa Mzee Twahiru siku hiyo, na hakuna aliyeulizwa mara ya pili.

Jiwe lilikuwa na kazi. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, mwanafunzi akikaribia mtihani, mtoto akiweweseka kwa homa, watu walikuja na kikombe cha maji kutaka baraka ya jina lile. Shida ni kwamba pete ilikuwa haivuliki. Twahiru aliivaa akiwa kijana mwembamba, halafu biashara ikamnyookea, kidole kikanenepa, na pete ikabaki imezama nyamani. Kwa hiyo alichovya kidole kizima. Kidole hicho kilikuwa kimeshinda ndani ya matumbo ya injini tangu asubuhi, lakini watu walikunywa, na watoto wakazaliwa. Hata Sheikh Abdu, imamu wa msikiti wa jirani, mama yake aliyanywa maji ya pete hiyo ilipokuwa bado kwenye kidole cha baba yake Twahiru. Twahiru alipenda kumkumbusha jambo hilo mbele za watu.

Kutokana na jiwe hilo Mzee Twahiru alikuwa Mwarabu. Ukimtazama usoni ungesita kidogo, lakini ukitazama kidole ulinyamaza. Ramazani, babu wa baba yake, alitoka Maskati, akashuka pwani, akafuata njia ya misafara mpaka Ujiji, akapanda ziwa hadi hapa, dini mkono mmoja na biashara mkono wa pili, na nyuma yake wapagazi. Zamani, marehemu baba yake alipokuwa akisimulia, wapagazi walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na jina. Kwa Twahiru waliongezeka wakapoteza majina, na miaka ya karibuni, hasa siku za Idi baada ya chakula, msafara ulianza kuongozwa na punda mweupe.

Tatizo lilikuwa Houda, bintiye. Houda ni mkunga, mtu wa maneno machache, na baba yake anampenda kuliko watoto wake wote, jambo ambalo wenzake wanalijua na wamekwisha kulizoea. Alikuwa amempata Karimu, kijana anayetengeneza mafriji, mwenyeji wa Buterere, kule ambako mvua ikinyesha maji huingia nyumbani bila hodi. Maji hayakumkera Twahiru. Kilichomkera ni kwamba ukoo wa Karimu ulitokana na mpagazi wa Kimanyema, na wenyewe hawakuwahi kulificha. Walilisema hivihivi tu, kama mtu anavyotaja mtaa anaokaa. Twahiru aliona huo ni utovu wa adabu.

Baba yake mdogo Karimu, aitwaye Khaled, alikuja kuposa. Mzee akamwambia atajibiwa. Usiku huohuo Houda akamweleza baba yake, bila kupandisha sauti, kwamba yeye amekubali, na kwamba posa ikikataliwa ataomba uhamisho hospitali ya mkoani, tena ya mbali, na asisubiriwe hata Idi. Twahiru alimjua mwanawe. Akaona yuko katikati: akikubali, Mwarabu wa Bwiza anaozesha kwa wapagazi, akikataa, anampoteza binti. Alichokuwa akikitafuta ni namna ya kukataa ambayo Houda mwenyewe atalazimika kuiheshimu.

Mungu, au nani sijui, akamletea Candide. Huyu ni mwalimu wa historia wa chuo kikuu, dada mwenye kigari kikuukuu ambacho kila mwezi kinadai kipuri. Siku hiyo alikuja kutafuta pampu ya maji, mzee akagonga kioo, na Candide akasahau pampu. Aliomba autazame mkono. Akasema anakusanya vitu vya kale kwa ajili ya maonyesho kuhusu biashara ya zamani ya ziwani, yatakayofanyika katika nyumba moja kule Kiriri, mtaa wa wenye nacho, na kwamba mawe ya kuchongwa kama hili ni mashahidi: yanaweza kueleza yalitoka nchi gani, kwa watu wa dini gani, yakapita mikononi mwa wafanyabiashara gani. Mzee Twahiru aliuliza kama ushahidi huo ni wa sayansi. Candide akajibu kwamba ndiyo, kadiri inavyowezekana.

Neno sayansi lilimwingia mzee sawasawa, maana Houda naye ni mtu wa sayansi: sayansi ikisema ukoo ni wa Kiarabu, asingeibishia. Akamwalika Candide Ijumaa baada ya swala, nyumbani. Ijumaa hiyohiyo akamwita Khaled aje kuchukua jibu lake, akamwita Sheikh Abdu awe shahidi, akaalika na majirani wa kutosha ili habari isichelewe kufika sokoni. Pampu alimpa Candide bure, na hilo peke yake lingetosha kuwashtua waliomjua.

Ijumaa ikafika. Sebule ilijaa. Khadidja, mke wa mzee, alikuwa ametandika mikeka mipya. Khaled alikaa karibu na mlango, na Karimu pembeni yake, amevaa kanzu ya kuazima iliyomfupia. Houda alikuwa nyuma ya pazia la jikoni na akina mama. Kwenye kona yake ya siku zote alikaa Mwantum, shangazi wa Mzee Twahiru, bikizee wa miaka themanini na kitu ambaye watu walimsalimia wakiingia, wakamsahau wakikaa. Alikuwa anavuta tasbihi.

Mzee Twahiru alifungua kwa hotuba. Alivuka bahari, akafika Ujiji, punda akapewa nafasi yake. Kisha akanyoosha mkono juu ya mto uliotariziwa, kama bibi harusi anayepakwa hina, akamkaribisha mwanasayansi.

Candide alisafisha jiwe kwa pamba na spiriti. Grisi ya miaka ilitoka nyeusi tii. Akatazama kwa kioo cha kukuzia, akatazama tena, na uso wake ukaanza kufurahi, furaha ya mtu aliyepata kitu asichotarajia. Akaeleza kwamba hii haikuwa pete ya pambo tu, ilikuwa muhuri. Mwenyewe aliukandamiza juu ya udongo kufunga mizigo yake. Akatoa kwenye mkoba kidonge cha udongo wa kuchezea watoto, akaomba ruhusa, akakandamiza kidole cha mzee juu yake, akakiinua. Udongo ukawekwa kwenye kisahani, kisahani kikazungushwa.

Huku kwetu mtu anaweza kukosea saa, akakosea hata jina la shemeji yake, lakini ng'ombe hamkosei. Alikuwa ng'ombe dume amelala, miguu ameikunja, nundu mgongoni, pembe zimesimama, jicho lake lipo. Alikuwa mzuri kweli. Kisahani kilipita mkono hadi mkono na kila aliyekipokea alikitazama, akamtazama Mzee Twahiru, akakipitisha haraka.

Candide, ambaye hakuona kilichokuwa kikitokea, aliendelea kwa raha. Jiwe lenyewe huenda lilichimbwa Uhindi, kwa maana akiki nyingi za namna hii hutoka huko. Mchoro unaonekana kuwa wa Uajemi, wa kale sana, kabla Uislamu haujafika huko, wakati watu wa nchi ile walipokuwa wafuasi wa dini ya Mamajusi, wale wenye mahekalu ya moto. Wachongaji wao waliwapenda sana mafahali wenye nundu. Na haya maandishi pembeni, alisema, yeye hajui kuyasoma, lakini kwenye mihuri ya aina hii mara nyingi huandikwa maneno ya kutegemea.

Sheikh Abdu aliona upenyo. Akauliza kwa upole, "Kumutegemea Mungu, si ndiyo?"

"Miungu," Candide akasema. "Yao."

Nyuma ya pazia mtu aliangusha kijiko. Khadidja alikuwa amekunywa maji yale kwa mimba zake zote sita, na alikuwa amewagawia wanawake wa mitaa miwili, akiwahimiza wamalize. Majirani waliokuja kushuhudia aibu ya wapagazi walianza kuhesabu kimoyomoyo walikunywa lini na lini. Macho yakamgeukia imamu, maana yeye ndiye mwenye kujua, na yeye ndiye aliyezaliwa kwa maji hayo. Sheikh Abdu alikohoa kwa muda mrefu kidogo. Hatimaye akakumbusha hadhira kwamba sura ndefu kuliko zote katika Kurani jina lake ni Al-Baqara, yaani Ng'ombe, na kwamba katika jambo hili mtu asiharakishe kuhukumu. Kuhusu yaliyomo ndani ya sura hiyo juu ya watu walioabudu ndama, hakuona haja ya kurefusha. Watu walishusha pumzi. Khaled alikuwa anaijua sura hiyo vizuri, na akaangalia mkeka.

Mzee Twahiru naye alikuwa ameshapata njia. Huwezi kumlaumu mtu kwa kujitetea. Alisema kwamba Uajemi na Maskati ni majirani, bahari yao ni moja, na kwamba sayansi imethibitisha aliyoyasema: babu Ramazani alitoka huko huko, sasa imebaki tu kujua mtaa.

Hapo Mwantum akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, ila hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alipocheka, na sebule nzima ikageuka kwenye kona.

"Twahiru, mwanangu," alisema, "babu hakutoka ng'ambo. Alitoka huko juu, Bugarama. Alikuwa anachunga ng'ombe za watu. Akashuka hapa, akavaa kanzu. Basi."

Mzee alimwambia shangazi yake amechoka, akapumzike. Mwantum alisema atapumzika kaburini, na akaendelea. Ramazani alikuwa na binti, Sikitu, ambaye ni shangazi yake yeye Mwantum. Akatokea mtu wa kumposa, mpagazi kutoka Manyema, jina lake Kitenge, aliyekuwa amebeba mizigo ya Waarabu mpaka Ujiji, akaachana nao, akaanza biashara yake ya ndagala, dagaa wa ziwani. Huyo Kitenge ndiye aliyekuwa Mwislamu. Ramazani alifundishwa naye kutia udhu, chini ya paa la kibanda cha ndagala, na mwanzoni alikuwa anakosea, anaanza na mguu.

"Babu alisema: bila ng'ombe, mutoto haendi. Alikuwa Murundi, si unajua. Kitenge ng'ombe hana. Akatoa ile pete, aliipata Ujiji kwa Muhindi ya duka, alimupa ndagala. Akasema: ng'ombe ni hii, haili majani, haikufi. Babu akaangalia, akaona ni ng'ombe kweli. Ye alikuwa muchungaji, ng'ombe haiwezi kumupita. Wenye kuona jina ya Mungu, mulikuya nyuma."

Khaled alikuwa ameinua kichwa. Alisema polepole, akimtazama Karimu na siyo mzee, kwamba Kitenge ni babu yake, na Sikitu ni bibi yake. Kwao siku zote waliambiwa bibi Sikitu alikuwa binti wa mchunga ng'ombe, kwa hiyo hawakuwahi kuwawazia Waarabu wa Bwiza. Na lilikuwapo neno moja ambalo wazee wao walilisema wakiwa wamefurahi, na watoto wakalicheka: kwamba ukoo una ng'ombe wake Bwiza, ambaye hafi.

Hapo jambo lingeweza kuishia kwenye kicheko, na wengi walikuwa tayari kucheka ili warudi makwao salama. Mwantum hakuwa amemaliza. Aliweka tasbihi mapajani.

"Sheikh, nikuulize. Kwa dini, mahari ni ya nani?"

Sheikh Abdu alijibu kwamba mahari ni ya binti. Si ya baba, si ya kaka. Ni mali yake mwenyewe.

"Ile pete ilikuwa ya Sikitu. Babu akaivaa. Baba akaivaa, halafu kaka yangu, halafu huyu. Sikitu alikuwa anakuya kila Idi, anasimama pale mlangoni, anaomba pete yake. Wanamupa nyama, anaenda. Sahani nilikuwa napeleka mi, nilikuwa mutoto. Alipozeeka akaacha kuomba, alikuwa anaangalia tu kidole ya baba."

Mzee Twahiru alimuuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuyasema miaka yote hiyo.

"Ulikuwa unafurahi," Mwantum akajibu. "Na mi nilikuwa nakula kwako."

Mzee Twahiru aliona aibu. Si ile ya mbele za watu, ambayo alikuwa ameanza kuizoea tangu kisahani kizunguke, bali aibu nyingine, iliyomfanya atazame mlango wa nyumba yake mwenyewe na kumwona pale mwanamke mwenye sahani ya nyama. Alishika pete akaivuta. Haikutoka. Alivuta tena, kidole kikavimba na kuwa chekundu kuliko jiwe, na ulikuwa mchezo wa kusikitisha, mtu mzima anapigana na mkono wake mbele ya wageni.

Pazia likafunguka. Houda alitoka na beseni la maji ya baridi na sabuni ya kufulia. Hakuwa na uso wa ushindi. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akakiloweka kile kidole, akakipaka povu, akaizungusha pete polepole jinsi anavyofanya kazi zake zote, akimwambia baba asikaze mkono. Ilichukua muda. Ilipotoka, chini yake palikuwa na ngozi nyeupe, laini, ngozi ya mtoto, ambayo haikuwahi kushika kazi yoyote. Mzee aliitazama kama ya mtu mwingine.

Alimpa Khaled ile pete, kwa mikono miwili. Kisha akaulizwa na Sheikh, kwa kuwa ndicho kilichowaleta, jibu la posa ni lipi. Mzee Twahiru alisema anaona haya kujibu, kwa sababu ukoo huu ulishachukua ng'ombe wa hawa watu na hata ndama haukurudisha, ingawa adabu ya huku humtaka mwenye kupokea mahari arudishe. Houda, ambaye bado alikuwa amepiga magoti na sabuni mkononi, alimwangalia baba yake kwa jicho ambalo wagonjwa wake wanalijua.

"Papa, mi si ndama," alisema. "Sema tu ndiyo."

Akasema ndiyo.

Ndoa ilifungwa kabla ya mvua. Karimu alitaja mahari yake, nayo ilikuwa pete moja ya fedha yenye jiwe la akiki lililochongwa ng'ombe, na Sheikh Abdu akamwambia aiweke mkononi mwa binti, siyo mwa baba, akarudia mara ya pili kwa sauti ya kufika barabarani. Mwantum alikuwa ameketi mstari wa mbele. Hakulia, ila alitaka kuishika kidogo kabla haijavaliwa, akaishika, akairudisha.

Baadaye pete ilikwenda Kiriri kwa maonyesho, ndani ya sanduku la kioo, na watu waliokuja kwa magari yao waliitazama wakiwa na bilauri za maji ya matunda, wakaambiana kwamba dunia kumbe iliungana zamani. Kwenye kibao Candide aliandika Uhindi, Uajemi, Unguja kwa alama ya kuuliza, Ujiji, Bujumbura. Houda alipokwenda kuiona aliomba kalamu, akaongeza chini: mahari ya Sikitu. Candide aliuliza tu kama jina limeandikwa sawa.

Mzee Twahiru, tusimdanganye mtu, hakugeuka malaika. Siku hizi babu Ramazani ni mfugaji mkubwa wa Bugarama, na ng'ombe alizokuwa akichungia watu zimeanza kuwa zake. Kwenye Idi iliyopita zilikuwa zimefunika kilima kizima. Wapagazi wamerudishiwa majina, au angalau mmoja. Dukani bado hunyoosha mkono kugonga kioo, kwa mazoea, lakini kidole kitupu hakitoi mlio, na wateja wanaendelea kubishana mpaka aite kwa mdomo.

Wiki chache zilizopita aliingia kijana mmoja anahema, mkewe ameshikwa na uchungu, mkononi ana kikombe cha maji. Habari za Mamajusi alikuwa amezisikia, lakini mama mkwe wake alisema maji ni maji na mtoto ni mtoto. Mzee Twahiru aliinua mkono, akautazama, akauficha chini ya meza.

"Nenda kwa mwenyewe," alisema, na akamwonyesha njia ya hospitali ambako Houda alikuwa zamu.